Umeme wa Kikumi: kwenda tunakujua, kurudi je?

Jioni moja nikitoka Mbale kurudi Tororo, mvua imeshika, nilikanyaga breki nyuma ya trela na dashibodi yangu ikawaka. Taa nilikuwa sijawasha bado. Nikaachia breki, dashibodi ikazima. Nikakanyaga tena, ikawaka tena. Kijana niliyempa lifti pale njia panda akacheka, akaniuliza, "Mzee, gari lako linamkonyeza nani?"

Gari lenyewe ni Corolla ya 1994, ile ambayo Uganda nzima inaiita Kikumi kwa sababu ya namba ya chasisi yake, AE100. Kikumi kwa Kiganda ni mia moja. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, hakuna Kikumi nyingine itakayoshushwa bandarini Mombasa kuja kwetu. Zilizopo ndizo hizi hizi, na sisi tulionazo tumejikuta walezi wa wazee.

Gereji ya kwanza walibadilisha balbu za nyuma. Ya pili walibadilisha flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, maana indiketa ya kushoto nayo ilikuwa inaitingisha taa ya nyuma kila ikipepesa. Ya tatu wakaniambia gari linataka waya mpya, lote, kuanzia boneti hadi buti, kazi ya siku tatu. Nilikaribia kukubali. Dawa ilikuwa boliti moja ya spana namba 10, ndani ya buti, upande wa kushoto, chini ya zulia, imevaa kutu kama koti.

Naandika haya kwa sababu hitilafu ndogo za umeme kwenye magari ya umri huu zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichochoka ni njia.

Njia ya kurudi

Nyumbani umeme huja kwa waya mbili na mtu anaziona: moja inaleta, nyingine inarudisha. Kwenye gari unaona moja tu. Inatoka kwenye kichwa chanya cha betri, inapita kwenye fyuzi, inapita kwenye swichi, inafika kwenye balbu. Baada ya hapo mtengenezaji hakuona haja ya kununua waya nyingine ndefu ya kurudi betrini, kwa sababu gari zima ni chuma. Balbu inashikizwa kwenye bodi kwa kipande kifupi cha waya, bodi nayo inaunganishwa na kichwa hasi cha betri kwa kebo nene, na umeme unarudi nyumbani kwa kupita sakafuni na mbavuni mwa gari. Hiyo ndiyo ethi, au kama mafundi wengine wanavyosema, bodi.

Gari likiwa jipya mpango huu hauna kasoro. Baada ya miaka 30 mambo ni mengine. Kila mahali ethi inapofungwa kuna boliti, na chini ya boliti kuna kutu, au rangi iliyopulizwa na fundi wa bodi baada ya ajali ya mwenye gari wa zamani, au vumbi jekundu la murram ambalo likishalowa hukaa na unyevunyevu wiki nzima. Umeme unafika kwenye balbu vizuri kabisa, kisha unakosa mlango wa kutokea.

Na umeme ukikosa mlango hupanda dirishani. Balbu ya nyuma ya gari kama hili ina nyuzi mbili ndani yake: mmoja wa wati 5 kwa taa ya kawaida, mwingine wa wati 21 kwa breki. Zote mbili zinatumia ethi moja. Ethi ikikatika nawe ukakanyaga breki, umeme unaingia kwenye uzi wa wati 21, unakuta mlango umefungwa, unageuka na kupita kinyumenyume kwenye uzi wa wati 5, unapanda ile waya ya taa za kawaida hadi mbele ya gari, unakutana na balbu za dashibodi ambazo ethi yake ni nzima, na unashukia hapo. Ndiyo maana dashibodi yangu ilikuwa inawaka. Mbele hapakuwa na kitu kibovu. Ile safari yote ndefu ilianzia kwenye boliti ya buti.

Kwa hiyo ukiona taa mbili zisizo na uhusiano zinasalimiana, indiketa inaichezesha taa ya nyuma, breki inafifisha taa ya upande mmoja, honi inaamsha kitu kisichohusika, usianze na balbu. Anza na ethi ya taa hizo.

Kuipima kunahitaji mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya bei nafuu iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, ikiwekwa kwenye volti 20 za DC. Hapa ndipo watu wengi, mafundi wakiwemo, wanapojidanganya. Wanatoa balbu, wanachomeka ncha za mita kwenye soketi, wanasoma 12, wanasema "umeme upo." Upo ndiyo, lakini mita yenyewe haili chochote. Waya iliyobakiwa na unywele mmoja wa shaba inaweza kuonyesha volti 12 safi wakati hakuna mzigo, halafu ikashindwa kuwasha hata balbu ya wati 5. Njia lazima ipimwe ikiwa na abiria.

Basi acha balbu mahali pake na uiwashe. Ncha nyeusi iguse kichwa hasi cha betri chenyewe, si kibano kilichokivaa, na ncha nyekundu iguse ganda la soketi, pale balbu inapopata ethi. Kutoka buti hadi betri utahitaji waya wa kurefushia, wenye urefu wa mita 4 au 5. Namba unayoisoma sasa ni volti zinazopotea katika safari ya kurudi. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikipita 0.2, kuna ungio lililochoka. Mimi nilisoma zaidi ya 5 nikadhani mita imeharibika.

Matengenezo yalichukua nusu saa, na nusu ya muda huo ulikuwa kutafuta spana. Fungua boliti, piga msasa kile kipete cha mwisho wa waya na chuma kilicho chini yake mpaka vyote ving'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi au vaselini juu ili maji yasirudi. Juu, si katikati. Katikati panatakiwa chuma kwa chuma. Kwenye magari ya Toyota waya za ethi ni nyeupe zenye mstari mweusi, kwa hiyo ukifuata rangi hiyo utafika kwenye boliti yake hata kama huna mchoro. Kwenye Kikumi zipo kadhaa: chini ya boneti, chini ya dashibodi upande wa miguu, ndani ya buti. Usisahau ile kebo inayounganisha injini na bodi, kwa sababu injini imekalia raba na bila kebo hiyo haina ethi. Ikilegea, taa zitafifia kila unapopiga stata na utaambiwa betri imekufa.

Betri inayokufa wikendi

Tatizo la pili ndilo linalowafanya wenye Kikumi waegeshe kwenye mteremko. Gari linalala, asubuhi haliamki. Unanunua betri mpya, wiki mbili hali ni ile ile.

Kabla ya kununua chochote pima vitu vitatu, na mita ni ile ile. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au kidogo juu yake. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na chini ya 12 ni kama tupu. Pili, soma wakati mtu mwingine anapiga stata: ikianguka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, betri imezeeka. Tatu, injini ikiwa inanguruma unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu, alteneta haichaji. Ukiona 15 na zaidi inachaji kupita kiasi, na itaichemsha betri yako mpaka ikauke.

Hata hapo usiihukumu alteneta haraka. Pima pia kwenye boliti nene iliyo nyuma ya alteneta. Kama pale pana 14.3 na kwenye betri pana 13.2, alteneta inafanya kazi yake na volti moja na kidogo inaibwa njiani. Fuata kebo na vibano vyake. Angalia pia mkanda; ukilegea hupiga kelele asubuhi ya baridi, na mvua ikinyesha huteleza. Kwenye magari mengi ya zamani hata ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ina kazi: umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Ukiwasha swichi na taa hiyo isitoke kabisa, balbu yake ndogo inaweza kuwa ndiyo chanzo cha yote.

Lipo zoezi moja nimeliona gereji nyingi, nalo linanipandisha presha. Fundi anawasha injini, anachomoa kibano cha betri, na gari likiendelea kunguruma anatabasamu: "Hajji, alteneta nzima." Betri ndiyo inayotuliza volti za gari. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inasukuma, volti zinaweza kuruka hadi makumi kwa kufumba na kufumbua, na chombo cha kwanza kuumia ni kompyuta ya injini, au diodi (vijilango vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za alteneta hiyo hiyo aliyokuwa anaipima. Mita ingemjibu kwa sekunde mbili.

Kama chaji ni nzuri na betri ni nzima, basi kuna mlaji wa usiku. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye magari yetu nguo hiyo mara nyingi ni redio.

Redio zilizokuja na magari ya Japani zilitengenezwa kwa FM ya kwao, iliyokuwa ikianzia 76 na kuishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo gari likishuka tu, kazi ya kwanza ni kufungiwa ekspanda ili redio isikie. Ekspanda yenyewe ni kiboksi kidogo na haili sana. Taabu ni jinsi inavyofungwa. Anayeifunga ana haraka, anatafuta waya yoyote yenye umeme, anaichuna kwa meno, anazungusha tepu nyeusi, basi. Akipata waya ambayo haizimiki na ufunguo, kifaa kitakula usiku na mchana. Baada ya ekspanda huja amplifaya, kisha king'ora, kisha swichi ya siri ya kuzuia wezi, kila kimoja na fundi wake. Nilipofungua dashibodi ya gari langu nilihesabu maungio saba ya tepu ambayo Toyota haikuyajua.

Mlaji anapimwa hivi. Zima kila kitu, funga milango, na kama boneti au buti ina taa, hakikisha swichi yake imebanwa. Chomoa kebo hasi ya betri. Hamisha ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la ampea 10, weka mita kwenye ampea, kisha iweke katikati: ncha moja kwenye kebo, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Umeme wote unaoliwa sasa unapita ndani ya mita. Subiri dakika kadhaa. Magari mapya zaidi huchukua hata nusu saa kabla kompyuta zake hazijalala. Usiguse ufunguo wakati huo, maana stata inavuta ampea mia na zaidi na mita yako itakufa. Ukimaliza, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti kabla hujapima kitu kingine. Ukisahau na ukagusa vichwa viwili vya betri, umefanya shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Kiasi cha kawaida ni ampea 0.02 hadi 0.05, za saa na kumbukumbu ya redio. Langu lilisoma 0.4. Ukiitazama namba hiyo unaweza kuipuuza, kwa hiyo piga hesabu. Nikiegesha Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu asubuhi ni saa 60 hivi. Saa 60 mara 0.4 ni 24. Betri yangu ni ya ampea-saa 45. Zaidi ya nusu imeliwa nami nimelala, na betri iliyofika hapo mara kwa mara haiponi tena vizuri hata ukiichaji. Ndiyo sababu betri mpya zilikuwa zinakufa. Taa ya buti isiyozimika inakula kiasi hicho hicho, na huwezi kuiona kwa sababu ukifungua buti kutazama unakuta inawaka, kama inavyopaswa.

Mita ikiwa bado katikati, chomoa fyuzi moja moja na utazame namba. Ile inayoiangusha ndiyo mtaa anakoishi mwizi. Nilichomoa zote, namba haikutikisika. Hapo panabaki vitu viwili: kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri, au alteneta yenye diodi mbovu inayovujisha umeme kurudi nyuma. Waya nyekundu nyembamba ilikuwa imetoka kwenye kibano cha chanya, ikapita ukutani mwa injini bila fyuzi yoyote, ikaishia chini ya kiti cha abiria kwenye amplifaya ya zamani ambayo hata spika zake hazikuwepo tena. Nimeendesha gari hilo miaka minne nikiilisha maiti.

Waya isiyo na fyuzi iliyopita kwenye tundu la chuma, kwa njia, ni hatari kuliko wizi wake wa chaji. Siku plastiki yake ikilika, betri nzima inamwagika kwenye bodi.

Fyuzi inalinda waya

Watu hudhani fyuzi inalinda redio au taa. Inalinda waya. Imepangwa iungue kabla waya haijapata moto wa kuyeyusha plastiki yake. Kwa hiyo fyuzi ya 10 ikiungua ukaweka ya 30, au ukaifunga kwa karatasi ya fedha ya sigara, waya ndiyo inakuwa fyuzi, na waya hiyo iko nyuma ya dashibodi karibu na zulia. Rangi zake ni moja dunia nzima, hivyo hakuna kisingizio: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Ukikuta ya kijani kwenye kitundu ambacho kifuniko kinasema 10, jua kuna mtu aliwahi kukimbia tatizo hapo.

Fyuzi inayoungua mara moja kwa mwaka inaweza kuwa uzee tu. Inayoungua kila ukiibadilisha ni shoti, waya ya kwenda imegusa bodi kabla haijafika kwenye kifaa. Badala ya kuunguza fyuzi 10 ukitafuta, chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishe waya mbili, na uzichomeke mahali pa fyuzi. Balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Zima vifaa vyote vya fyuzi hiyo. Kama balbu bado inawaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Sasa tikisa waya taratibu, mlango kwa mlango, kona kwa kona. Mahali unapotikisa na balbu ikafifia au ikazima, umefika.

Ukitaka kubahatisha, anza pale waya zinapokunjwa kila siku: kwenye bomba la raba kati ya mlango wa dereva na nguzo, na kwenye bawaba za buti. Kioo cha umeme kinachoshuka mlango ukiwa wazi na kugoma ukiufunga hakina mota mbovu. Kina waya iliyokatika ndani ya raba hiyo. Panya nao wana mchango wao, hasa kwa gari linalolala karibu na ghala la mahindi.

Waya iliyokatika isiunganishwe kwa kusokota na tepu. Joto la boneti huyeyusha gundi ya tepu, vumbi huingia, na mvua za Machi hadi Mei humalizia. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi au kijani endelea kukata, kwa sababu ule ukijani hutambaa chini ya plastiki. Kisha bana kwa kiungio cha kubana au lehemu kwa risasi, na uvishe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Soketi ya balbu iliyoyeyuka tafuta ya kuvuliwa gari jingine, Kisekka au Ndeeba kule Kampala, na umwambie muuzaji akuachie mkia mrefu wa waya. Wengine huikata shingoni, halafu huna pa kuungia.

Taa hafifu, na stata inayosema "tak"

Haya nayapitia haraka, kwa kuwa ukishaielewa habari ya njia, yanajieleza.

Balbu ya H4, ile ya taa kubwa za mbele, ya wati 55 inakula ampea 4 na nusu hivi, na mbili ni kama 9. Kwenye magari mengi ya zamani ampea zote hizo zinapita kwenye swichi ndogo ya usukani na waya nyembamba zenye umri wa dereva. Volti zikipungua asilimia 10 tu, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Anayeendesha usiku ndani ya msitu wa Mabira kwa taa za namna hiyo anaendesha kwa imani. Balbu za wati 100 haziponyi, zinaongeza mzigo kwenye njia ile ile iliyochoka, na swichi itayeyuka. Safisha ethi za taa kwanza. Kama haitoshi, funga rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme: waya nene, ya milimita 2.5 za mraba, itoke betrini na fyuzi yake karibu na betri, ipite kwenye rilei, iende kwenye taa. Ile waya ya zamani inabaki na kazi ya kuiambia rilei "washa" na basi. Vioo vya taa vilivyofanya ukungu wa manjano ni habari nyingine. Hapo umeme hauna kosa.

Indiketa inayopepesa mbio upande mmoja inakuambia balbu moja upande huo imeungua au ethi yake imelegea. Flasha inahisi mzigo umepungua, inakimbia. Imeundwa hivyo makusudi.

Stata ikilia "trrrr" kama cherehani, umeme hautoshi: betri imeshuka au kibano kimelegea. Zungusha kibano kwa mkono. Kikizunguka, umeshapata jibu. Ule unga wa kijani na mweupe juu ya vichwa vya betri husafishwa kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, ukichunga yasiingie ndani ya betri. Wanaomwagia soda ya chupa wanafanikiwa nusu na kuwaachia sisimizi sukari. Chomoa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya isipige cheche.

Stata ikisema "tak" moja nzito halafu kimya, na taa hazififii, hesabu ni tofauti. Kwenye stata nyingi za Toyota kuna vipande viwili vidogo vya shaba ambavyo hugongwa kila ukiwasha gari, navyo huliwa kidogo kidogo kwa miaka. Leo inakataa mara moja, kesho inakubali, mwezi ujao unapiga ufunguo mara 15. Watu huigonga stata kwa nyundo na ikawaka, kwa sababu shaba imegusana tena kwa bahati. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, ni bei ndogo sana kando ya stata nzima, lakini muuzaji wa stata hatakwambia.

Nisivyovigusa

Waya za kompyuta ya injini sizichokozi kwa testa ya balbu. Zimezoea mkondo mdogo sana, na balbu ya testa inaweza kuvuta kiasi cha kuunguza kitu ndani. Mita tu, na hata hiyo kwa adabu. Gari lenye mikoba ya hewa lina soketi na mirija ya rangi ya manjano chini ya usukani. Hizo ni za fundi aliyesomea, kwa sababu mkoba ukilipuka usoni mwako haukuulizi ulikuwa unatafuta nini. Harufu ya plastiki inayoungua nayo si kitu cha kupima: ni kuzima gari, kuchomoa hasi, na kushuka. Ndiyo maana kibano cha hasi kwenye gari langu kimekazwa vizuri lakini spana yake inalala mfukoni mwa mlango, mahali ninapoweza kuifikia gizani.

Kikumi sasa inalala siku nne na kuamka kwa mzunguko mmoja. Breki nikikanyaga, zinazowaka ni taa za breki. Kilichobaki ni saa ya dashibodi, ambayo husimama jua likiwa kali na kuendelea jioni kana kwamba hakuna lililotokea. Ni risasi iliyopasuka kwenye kibao chake cha ndani. Joto linaitanua, inaachana. Kuifikia inabidi kung'oa redio, vifuniko viwili na matundu ya upepo, na plastiki za 1994 zikishikwa huvunjika. Nimenunua saa ya mkononi.